Ubeti Mmoja kwa Tuta Moja

Vijana wenzangu wainjilisti, mmeniomba niandike jinsi nilivyokuwa nafundisha sala kwa beti fupi. Aliyenipigia simu kwa niaba yenu aliiita "mbinu ya mama", akasema kurasa chache zinatosha, yawe mambo ya kujenga. Nitaandika. Ila someni mkijua kwamba naandika nikiwa na hasira, na sijaribu kuificha. Mkiruka sehemu ya hasira mtabaki na mistari miwili mitamu ya kutumiana kwenye simu pamoja na picha ya waridi, na hiyo mnayo tayari.

Sitaeleza nilihamishwa mara ngapi wala nilipewa cheo gani. Anayetaka hayo aende ofisini, yapo kwenye faili. Naanza na siku niliyofika.

Mimi ni mzaliwa wa Nassa, kwa watu wa jembe na nyavu. Kanisa lilinipeleka kijiji kimoja cha Itilima, si mbali na Zagayu, nchi ya pamba na mtama. Nilifika na baiskeli, begi la nguo na boksi la vitabu vya darasa la ubatizo. Kanisa lilikuwa la matofali mabichi, na juu ya mabati walikuwa wamepanga mawe ili upepo usiyabebe. Mama wa kwanza niliyekutana naye nilimsalimu, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama. Aliitikia vizuri, kisha akamgeukia mwenzake akasema bila kupunguza sauti, "Huyu anasalimia kama samaki." Kisukuma changu cha ziwani kiliendelea kuwachekesha hadi siku ninastaafu.

Aliyenifundisha kazi ni Mchungaji Ndaki, marehemu sasa. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wageni kutoka mjini: sala yake ilikwisha kabla hujafumba macho sawasawa. Alikuwa anasema ubeti mmoja, basi. Huu ndio wa kwanza niliousikia kwake:

Umande hauna hodi, huja, nyasi zikajua.
Nawe, Bwana, shuka hivyo, moyo upate chanua.

Halafu kimya. Mara ya kwanza nilifungua jicho moja nikidhani amesinzia. Baadaye nikamuuliza, "Mchungaji, mbona unasali kidogo hivyo?"

"Kusema ndiko kulikuwa kidogo," akanijibu. "Kusali nilikuwa ndiyo kwanza naanza."

Masharti yake aliniambia tukiwa njiani, yeye akitembea, mimi nikikokota baiskeli. Ubeti wa sala uwe mfupi kiasi kwamba mama mwenye ndoo kichwani anaweza kuusema bila kupunguza mwendo. Uwe na picha moja tu, na picha hiyo iwe ya kitu ambacho msikilizaji amekigusa wiki hiyo. Uwe na ombi moja, au usiwe na ombi kabisa. Ukishausema, usiueleze. "Ukieleza," alisema, "umemtafunia mwenzako chakula, halafu unashangaa hashibi."

Jumapili yangu ya kwanza nilisimama mbele nikiwa nimejaa masharti hayo. Nikasema ubeti ule wa umande, nikawaomba watu wanyamaze nao, nikainamisha kichwa. Kimya kilianza vizuri. Mara nikasikia mtu upande wa wanaume anakohoa kikohozi cha kujiandaa. Nikainua macho. Mzee mmoja amesimama na fimbo yake, kifua mbele, akaimba kwa Kisukuma, maneno yake yakiwa hivi: umande wa Nassa umekuja na mdomo, ungoje jua la Itilima lichomoze. Wanaume wakasema "Eeeh!" Wanawake wakapiga makofi. Mzee akaketi kama mtu aliyemaliza kazi ya kijiji.

Mchungaji Ndaki alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanieleza jambo ambalo mtu wa ziwani angeweza kulisahau. Huku, baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma hukutana uwanjani. Manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa upande mmoja humtupia mwenzake ubeti mfupi wa uchokozi, kisha hunyamaza. Kile kimya ni zamu ya mpinzani. Akijibu, ngoma inaendelea. Asipojibu, ameshindwa, na watoto watamwimbia mpaka mavuno yajayo.

"Umewatupia ubeti, ukanyamaza," alisema Mchungaji. "Walidhani umekuja kuwachokoza. Yule mzee ameokoa heshima yao."

Tangu siku hiyo, kabla ya kila ubeti nilisema kwanza: "Kimya kitakachofuata si chenu. Ni zamu ya Mungu. Mwacheni ajibu." Na hapo, vijana, ndipo nilipopata zawadi kubwa kuliko zote za kazi hii. Nimefundisha sala Bariadi mjini kwa watu waliosoma, wakaniuliza faida ya kukaa kimya ni nini. Itilima hakuna aliyeuliza. Walijua toka utotoni kwamba ukitupa ubeti na kunyamaza, kuna mtu upande wa pili na atajibu. Nilichoongeza mimi ni jina lake tu.

Darasani lakini hawakuja. Msimu wa palizi ulipoanza nilikuwa nafungua kanisa, nakaa na mijusi. Nikafunga, nikaenda kuwatafuta walipo. Kulikuwa na kikundi cha akina mama waliokuwa wakipalilia pamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Niliazima jembe. Hili lizingatieni: mwinjilisti anayesimama pembeni na kitabu wakati wenzake wameinama, atapewa heshima yote isipokuwa masikio.

Tulifanya hivi. Kila mmoja anasimama mwanzo wa tuta lake. Natoa ubeti, kila mmoja anausema mara moja kwa sauti yake. Kisha tunainama, na hakuna anayefungua mdomo hadi mwisho wa tuta. Ukifika unanyoosha mgongo, unausema tena, na kama umepata wako njiani unausema huo. Ubeti mmoja kwa tuta moja. Nilipopelekwa Kimali kwa muda, kwa wafugaji, matuta hayakuwepo, tukapima kwa njia ya kupeleka ng'ombe lamboni. Msinakili tuta kama hamna shamba. Tafuteni kazi ambayo watu wenu wanaifanya mikono ikiwa na shughuli na kichwa kikiwa huru.

Katika kikundi kile alikuwemo mama mjane, Kabula. Ujanani alikuwa manju wa chama cha ngoma, na si manju wa kushikilia kibwagizo. Aliwanyamazisha wanaume uwanjani. Ngoma aliiacha mumewe alipofariki. Mdomo hakuuacha. Siku niliyojiunga nao alinitazama nikipalilia, akasema, "Mayu, hayo unayong'oa ndiyo pamba." Halafu akaninyooshea mkono kunionyesha, na akabaki karibu yangu msimu mzima.

Alitaka kubatizwa. Hilo alilisema waziwazi tangu mwanzo, na hakutaka kitu kingine chochote kutoka kwetu. Hakuomba nguo za msaada wala nafasi katika kamati. "Nataka niitwe mbele ya watu, na mimi niitike," alisema.

Kikundi kile kilikuwa na desturi moja ambayo lazima mwielewe. Aliyewahi kumaliza tuta lake hakai kivulini. Anazunguka hadi mwisho wa tuta la aliyebaki nyuma, anaanza kupalilia kutokea kule, mpaka wakutane katikati. Haombwi, wala hashukuriwi. Siku moja goti la Kabula lilikuwa limevimba, akabaki nyuma peke yake, kichwa chini. Mwenzake mmoja akaanza kumfuata kutokea upande wa pili. Walipokutana, Kabula alinyoosha mgongo taratibu akasema ubeti kwa Kisukuma. Ninauweka hapa kwa Kiswahili, ingawa unapungua utamu:

Tuta langu ni refu, mgongo umekwisha.
Nainua macho: umeanzia kule, unanijia.

Mimi nilikuwa nimesoma chuo cha Biblia, nimehubiri habari ya neema mara nyingi, na sijawahi kuisema vizuri hivyo. Tulipoanza tuta jingine sikutoa ubeti mpya. Tulikwenda na huo huo hadi jioni, na kesho yake, na baada ya hapo ukawa wa kikundi.

Sasa nafika kwenye mtihani.

Kwa utaratibu wetu mwinjilisti hufundisha lakini habatizi. Wazee wa kanisa huwauliza maswali wanafunzi wa ubatizo, kisha humpelekea mchungaji majina. Jina lisipotoka kwa wazee, halibatizwi. Mwenyekiti wa wazee alikuwa Mzee Shigela. Ni mtu mwadilifu, anayelima, asiyekunywa, asiyesengenya. Nayaandika hayo ili msije mkasema nimemwonea.

Kabula aliingia akiwa amevaa kitenge chake kizuri. Wenzake walibaki nje, vichwa dirishani.

"Nani alikuumba?" aliuliza Mzee Shigela, kama kitabu kinavyoanza.

"Baba, kama na wewe hulijui hilo, mimi utanisaidia nini?"

Dirisha lilicheka. Mzee hakucheka.

"Jibu kama lilivyo kitabuni."

"Kitabu sikijui, baba. Niulize mimi na yeye huwa tunaongea nini."

"Haya. Sali, tusikie."

Kabula akafumba macho. Akasema ubeti wake wa tuta, akanyamaza, kama tulivyozoea shambani. Nilikuwa nimekaa karibu na Mzee Shigela, na kazi ya kutazama watu ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa hiyo niliona vizuri. Kwanza alingoja sala iendelee. Kisha uso ukabadilika. Mikono ikashika kingo za kiti. Alikuwa ametupiwa ubeti na manju, mbele ya watu, na kimya kimeachwa wazi mbele yake.

"Amina!" alisema kwa nguvu, kama mtu anayesukuma mlango ufungike. "Hiyo si sala. Hiyo ni ngoma. Arudi darasani."

Nilimfuata nje. "Mzee, alikuwa anaongea na Mungu."

"Anaongea na Mungu, na mimi nimekaa mbele yake?"

"Alikuwa amefumba macho."

"Mama Mwinjilisti, wewe ni mtu wa samaki. Manju akifumba macho ndipo anakulenga."

Baba yake Mzee Shigela naye alikuwa manju, wa chama cha upande wa pili. Alianguka akiwa uwanjani katika mashindano na hakuamka, na watu wote, mtoto wake akiwemo, waliamini kwamba ametupiwa dawa ndani ya wimbo. Shigela alipookoka alichukua pembe na vifaa vyote vya ngoma vya baba yake akavichoma mwenyewe, ndugu zake wakamsusa. Kwa mtu huyo, ubeti mfupi ukifuatiwa na kimya ni kitu kinachoua. Namwelewa. Nimekuwa nikimwelewa miaka yote hii, na hasira haijapungua hata kidogo, kwa sababu aliyeogopa alikuwa yeye na aliyelipia alikuwa Kabula.

Alirudi darasani. Msimu uliofuata akaulizwa tena, akakataliwa tena. Nilimfundisha majibu ya kitabuni. Aliyasema mbele yangu vizuri kabisa. Mbele ya wazee, alipoambiwa "sali", alirudi kwenye ubeti. "Majibu ni ya kwao, nimewapa," aliniambia. "Sala ni ya kwangu. Nikisali ya kwao atajuaje kuwa ni mimi?"

Mchungaji Ndaki alikuwa ameshastaafu. Aliyefuata alikuwa kijana msomi, mwenye sauti nzuri, aliyeleta spika kubwa na jenereta ya kuziendesha, tukaanza kumwomba Mungu kwa namna ambayo ng'ombe wa jirani walihama malisho. Nilimpelekea suala la Kabula.

"Wazee wakileta jina, nabatiza," alisema.

"Na wasipoleta?"

"Mama Mwinjilisti, tufuate utaratibu."

Mtakutana na neno hilo kazini. Litasemwa kwa upole, na mtu mpole, anayekupa na soda. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyeiba, hakuna aliyetukana. Kila mmoja aliweka mkono wake mahali palipoandikwa auweke, na mlango ukabaki umefungwa.

Kisha Kabula akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Alipelekwa hospitali Bariadi, akarudishwa nyumbani na vidonge na maneno ya kumtia moyo. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake, ameegemea ukuta, anatazama pamba yake. Nilikuwa nimeamua. Nikamwambia, "Mayu, maji yapo hapa. Nitakubatiza mimi. Wakitaka kunifukuza kazi wanifukuze."

Hata pumzi ya kutania alikuwa anaitafuta.

"Yaani niingie kwa Mungu dirishani," alisema, "kama mwizi wa mbuzi? Hapana. Nitapita mlangoni, watu wakiniona. Na Shigela awe amekaa mbele."

"Na mlango usipofunguliwa?"

"Basi watajibu wenye mlango."

Alifariki msimu huohuo wa palizi, mchana, wenzake wakiwa shambani kwake. Kanisa halikuja kumzika kwa kuwa hakuwa mshirika. Nilikwenda kwa miguu yangu, bila joho, nikakaa na waliofiwa. Walimzika mwisho wa shamba. Matanga yalipokwisha, kikundi kilirudi kupalilia pamba yake, na safari hii wote walianzia kule mwisho, alikolala, wakaja huku. Hakuna aliyewapangia. Nilishika tuta langu nikaenda nao, na nilipofika nilikuwa na hasira ambayo sijaitua hadi leo.

Miaka ikapita. Nikahamishiwa mjini. Siku moja kijana mmoja akaniwekea simu mbele ya uso: "Mama, umeuona wimbo mpya wa kwaya yetu?" Video ina kwaya yenye sare za kung'aa, wamesimama katikati ya pamba ya mtu, wanakanyaga. Kinanda kinalia kama kinafukuzwa. Na maneno ni yale: tuta langu ni refu, mgongo umekwisha. "Unanijia" imerudiwa na kurudiwa mpaka asiye na pumzi akate tamaa. Kimya hakuna hata cha kumeza mate. Chini pameandikwa kwamba ni utunzi wa kwaya. Mama wa mwanakwaya mmoja alikuwa katika kikundi cha palizi, mtoto akausikia nyumbani, akaupeleka mazoezini. Simlaumu mtoto. Lakini wimbo ulipendwa, ukaimbwa kwenye harusi, mikutano na uzinduzi wa vyoo vya shule, na mara kadhaa nilimwona Mzee Shigela, sasa mwenyekiti wa wazee wa jimbo zima, akitoka mbele na leso yake kuucheza. Kama aliukumbuka sijui. Sikumwuliza, kwa sababu nilihofia jibu lolote kati ya mawili.

Na wenzake Kabula? Walikuwa bado wanafunzi wa ubatizo. Wamezeeka darasani. Kila msimu wanaulizwa sala, wanasali walivyojifunza kwenye tuta, wanarudishwa.

Sherehe ya kuniaga ilifanyika Bariadi. Turubai, viti vya plastiki, pilau. Nilipewa mbuzi, kitenge, na saa ya ukutani, kitu cha kumpa mtu ambaye ndiyo kwanza ameacha kuhitaji kujua saa. Wale akina mama walikuja na gari la mizigo kutoka Itilima wakakaa nyuma kabisa, mahali pa wasiobatizwa. Hotuba zikasema nilikuwa mama wa sala. Kisha mshereheshaji akatangaza zawadi maalumu kutoka kwa kwaya, utunzi wao wenyewe, na kinanda kikaanza.

Niliwatazama kina mama wakati wimbo unaendelea. Walikuwa wameinamisha vichwa, kama watu wanaopita jirani na msiba.

Nikapewa kipaza sauti kushukuru. Sikushukuru. Nilisema ubeti wa Kabula, mistari yake miwili, kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili. Nikamtazama Mzee Shigela. Nikanyamaza.

Safari hii sikusema kimya ni cha nani.

Mwanzoni watu walidhani mama amezidiwa na machozi. Kisha wazee wakaelewa, na kuelewa kwao kukapita kwenye viti kama upepo kwenye mtama. Macho yalimgeukia Shigela. Mpiga kinanda akabonyeza, kwa huruma tu. Mchungaji, yule wa utaratibu, akanyoosha mkono kumzuia. Kwa hilo nampa haki yake.

Mzee Shigela alisimama. Ameshakuwa mtu mzima sana, alishika kiti cha mbele yake. Tulikaa hivyo kiasi cha tuta moja refu.

"Ni wa Kabula," akasema hatimaye.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Wimbo huu ni wa Kabula. Aliusali mbele yangu. Nilisema ni ngoma." Akageuka nyuma polepole. "Wenzake wako wapi?"

Walisimama mmoja mmoja. Mmoja wao, Minza, yule aliyeanza tuta la Kabula kutokea upande wa pili siku ile, alisema, "Tuko hapa, baba. Tulikuwepo siku zote."

"Haya," alisema Mzee. "Salini." Nilijua anaogopa nini.

Wakasema ubeti, wakanyamaza. Alikishika kile kiti. Akafumba macho, na hakusema amina mpaka wao walipoisema.

Chakula kilipoisha alinifuata nilipokuwa nafunga kamba ya mbuzi.

"Mama Mwinjilisti, umenitupia ngoma kanisani."

"Ndiyo, baba."

"Na wale?"

"Wale walikuwa wanasali."

Alikaa akimtazama mbuzi. "Kutofautisha ni kugumu," alisema.

"Ungemwuliza Kabula. Alikuwa anajua."

Majina yalipelekwa, na akina mama wale wakabatizwa kwenye kanisa lao, Mzee Shigela akiwa amekaa mbele. Nilikwenda. Kila jina lilipoitwa, mwenyewe aliitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilifurahi kwa ajili yao. Jina la Kabula halikuitwa, kwa kuwa kanisa letu halibatizi marehemu, na sibishani na hilo. Nilitoka, nikatembea hadi mwisho wa shamba lake, ambalo sasa analima mwanawe, nikakaa hapo. Watu wema wameahidi kuniombea hasira yangu iondoke. Nimewaambia waombee mambo mengine.

Basi, mbinu ndiyo hii. Ubeti uwe mfupi. Picha iwe moja. Usieleze. Ukimaliza, nyamaza, na kabla hujanyamaza waambie watu kimya hicho ni zamu ya Mungu, wasije wakamjibia. Lakini siku utakapokuta mtu amesimama nje akisali, na mwenye funguo amekaa ndani akifuata utaratibu, mwendee huyo wa ndani, sema ubeti wa yule wa nje mbele yake, na usimwambie kimya ni cha nani. Simama hapo mpaka ajibu.